Chaza wa Kilimani

Tangu waanze uchumba, Sindano hakuwahi kukanyaga chumba cha mawe alimofanyia kazi mchumba wake. Kawaida yake ilikuwa kuishia ng'ambo ya barabara, amsubiri Takriban atoke na vumbi lake kichwani utadhani kamwagiwa unga, kisha watembee hadi kona ya kwao, yeye mbele kidogo, mwenzake nyuma kidogo, kama watu waliokutana njiani tu. Kwa hiyo mchana ule wa Jumamosi, alipoinua macho akamkuta amesimama mlangoni na kikapu chake cha kushonea, hata hodi hakupiga, Takriban alijua kuna jambo. Tindo ilimponyoka ikamwangukia mguuni, wala hakuisikia.

"Karibu," alisema.

"Sijakaribia. Nasema lililonileta, naondoka."

Lakini aliingia. Alipita katikati ya meza akibana gauni lisiguse kitu, akatafuta kiti asikione, akakalia kasha. Macho yake yalikuwa mekundu, na chini ya macho palikuwa na kiza cha mtu asiyelala. Takriban alimtazama, akatamani kumwambia kwamba hata hivyo alivyo, amechoka na amenuna, hajawahi kuona uso mwingine anaotaka kuzeeka akiutazama. Hakusema. Alifuta mikono kwenye aproni na kungoja.

Takriban si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kanisani, siku alipokuwa akiwafundisha vijana habari za Gharika. Mmoja akauliza maji yalipanda kiasi gani juu ya milima, naye, badala ya kujibu kama watu wanavyojibu, akakuna kichwa na kuanza, "Takriban..." Vijana walicheka hadi benchi likaanguka. Kule kwenye mawe nako alikuwa na jina lake. Daktari, mzee mwenye nyumba ile, mkusanyaji wa mawe, wadudu na mifupa, ambaye udaktari wake haujawahi kumponya mtu hata mafua, alimwita Shemasi, kwa sababu kila kabla ya kupasua jiwe alifumba macho kidogo na midomo yake ikacheza. Basi kanisani haamini vya kutosha, kwenye mawe anaamini kupita kiasi. Mtu akivutwa mkono huu na mkono huu siku nenda rudi, hata kama hachaniki, atachoka tu, na Takriban alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Baba amekubali," Sindano alisema.

Moyo wa kijana ulipiga mbio. "Amekubali?"

"Kesho. Baada ya ibada atakuita mbele, akuulize, halafu aitangaze ndoa."

"Aniulize nini?"

Sindano alianza kuzungusha uzi kwenye kidole. "Unajua atakachokuuliza."

"Chaza."

"Chaza," alisema yule binti, na jinsi alivyolitamka neno hilo ungedhani ni jina la mke mwenza.

Chaza wenyewe walikuwa juu ya kilima nyuma ya mji, ndani ya mwamba, wamegeuka mawe, maelfu kwa maelfu, mbali kabisa na bahari yoyote. Watu wote waliwajua. Mwalimu wa kanisa, ambaye ndiye baba yake Sindano, alikuwa akiwataja kila alipohubiri juu ya Gharika: nani aliwapandisha huko kama si maji yale? Na ni Takriban huyu huyu, aliyefundishwa kusoma na Mwalimu huyo huyo tangu akiwa mtoto asiye na baba wala mama, aliyeulizwa mezani kwake, mbele ya sahani, kama ni kweli, akajibu kwamba hadhani. Tangu siku ile posa ilikuwa inaning'inia. Mwalimu hakumfukuza. Alikuwa anamtazama tu kwa huzuni, na huzuni ya mtu mwema ni adhabu kali kuliko fimbo.

"Atauliza kama unakiri kwamba waliletwa na Gharika," Sindano aliendelea. "Wewe utasema ndiyo. Basi. Atatangaza, watu watapiga vigelegele, tutakwenda zetu."

"Si kweli, Sindano."

"Nani kakuuliza kama ni kweli? Umeulizwa kama unanitaka."

Takriban alikaa.

"Mama anasema mwanamume anayewajua chaza kuliko anavyomjua mkwewe ana kasoro," Sindano alisema. "Nikakutetea. Kila siku nakutetea. Nakutetea kisimani, nakutetea sokoni, nakutetea kwa dada zangu ambao waume zao hawajui hata kusoma lakini wana waume. Nimewashonea wenzangu magauni ya harusi mpaka nimejua machozi ya kila mmoja yalidondokea wapi kwenye lake. La kwangu nimelikata, limekunjwa, linaliwa na nondo. Nimekonda. Nikilivaa leo itabidi nilipunguze upya." Aliukaza uzi kidoleni. "Mimi nimechoka, Takri. Sina hasira tena. Nimechoka."

"Najua."

"Hujui. Wewe una mawe yako, ukichoka unayarudia. Mimi nina nini?"

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa ni kweli. Aliunyosha mkono kuushika wa Sindano, naye akaurudisha wake nyuma, kisha akajuta, akauacha pale juu ya goti karibu na wa Takriban, isigusane wala isiachane.

"Haya," alisema hatimaye. "Nionyeshe. Nione hao chaza wanaonishinda mimi."

Takriban alisita, halafu akainuka, akaleta kipande cha mwamba kilichokatwa kwa uangalifu, kirefu kama mkono, akakisimamisha mezani karibu na dirisha. Alikipiga brashi. Alikuwa mtu mwingine alipokuwa akifanya kazi: mikono haikutetemeka, sauti ilitulia.

"Tazama huyu. Magamba yake mawili yamefumbana, unaona? Chaza akifa, maji yakimkokota, magamba huachana, kila moja huenda njia yake. Huyu hakukokotwa. Alifia alipoishi. Sasa panda juu yake. Yupi amekaa mgongoni mwake?"

"Mwingine. Mdogo."

"Mwanawe, au wa rika la mwanawe. Alizaliwa akajishika hapo, akakua, akafa. Juu yake tena mwingine. Na kile kilima chote kiko hivyo, kuanzia miguuni hadi kichwani. Gharika ingewavuruga kama nguo kwenye beseni. Hawa hawajavurugwa. Walikuwa na wakati."

Sindano aliinama. Alipitisha ncha ya kidole kutoka safu hadi safu, taratibu, kama anavyopitisha kidole kwenye mshono wa mtu mwingine kujua umeshonwaje. Nje gari la ng'ombe lilipita likipiga kelele.

"Hii haikushonwa kwa haraka," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana."

Aliutoa mkono ghafla kama aliyeungua. "Ungeniacha na ujinga wangu! Sasa na mimi nimeona, nifanyeje?" Machozi yakamlenga. "Niambie ukweli. Bado unamwamini Mungu?"

"Kuliko nilipokuwa mdogo. Kila nikifungua jiwe namwogopa zaidi." Takriban aliweka brashi chini. "Ndiyo maana siwezi kusimama nyumbani kwake nikamdanganya. Kama nisingemwamini, ningesema hiyo ndiyo hata leo, hata mara kumi. Baba yako mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mbele zake hakuna uongo mdogo."

"Mungu anaujua moyo wako."

"Ndiyo taabu yenyewe."

Hapo mlango wa ndani ulifunguka, akatokea Daktari akipapasa mifuko yake kutafuta miwani iliyokuwa kwenye paji la uso. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na mzee hakujisumbua kujifanya hakusikia.

"Sema tu, Shemasi," alisema. "Maneno hayaumi. Unasema, unapewa mke, Jumatatu unarudi kazini, na chaza wanabaki walipo. Wao hawatakasirika."

"Daktari, hili si jambo la mzaha."

"Sifanyi mzaha. Mimi nilimwapia mama mkwe wangu kwamba kila asubuhi nitapiga magoti nisali na binti yake. Alilia kwa furaha. Nikapewa mke, na mke mzuri, asiyepatikana kwa urahisi."

Sindano alimtazama. Ushauri wa mzee ulikuwa ule ule wake, neno kwa neno, lakini kuusikia ukitoka kinywa kile kulimtia baridi. "Na ulisali naye?" aliuliza.

"Hata siku moja, binti."

"Alijua, basi, kwamba uliapa uongo."

"Alijua wiki ya kwanza." Daktari aliipata miwani, akaishusha machoni, akaonekana mzee zaidi kuliko alivyoingia. "Hakugomba. Alikuwa mpole. Ila tangu hapo, mpaka anakufa, hakuwahi kuniuliza jambo akaridhika na jibu nililompa. Nikisema natoka kwa rafiki, ananitazama. Nikisema chakula kitamu, ananitazama. Lakini tuliishi. Watu wanaishi." Alichukua mkebe wa gundi aliokuwa ameufuata, akarudi ndani akiburuta miguu.

Takriban aliegemeza kichwa kwenye viganja vyake. Watu watatu walikuwa wamemwambia aseme neno moja: baba mwenye imani, mzee asiye na imani, na mwanamke anayempenda. Nani yeye, mpasua mawe, ajione anajua kuliko wote? Kung'ang'ania nako kunachosha. Kuna siku mtu huufungua mkono si kwa kushawishika, bali kwa kuwa vidole vimekufa ganzi.

"Nitasema," alisema.

"Utasema nini?"

"Nitasema ndiyo. Kesho. Sitaki kukukosa, Sindano. Nimefikiri nimeona siwezi. Nitasema ndiyo na Mungu atanifanya atakavyo."

Alitazamia aruke kwa furaha. Alitazamia hata tabasamu tu. Sindano alibaki amekaa juu ya kasha lake, anamwangalia usoni kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Unanipenda?" aliuliza.

"Nakupenda."

"Najua." Aliinuka, akamsogelea karibu kuliko alivyowahi, akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba, jicho hili, kisha jicho hili. Mkono wake ulinukia sabuni. Takriban alifumba macho kama afanyavyo kabla ya jiwe. "Kesho usichelewe," alimwambia, na alipoyafumbua, alikuwa ameshafika barabarani.

Kesho yake kanisa lilijaa. Habari za ndoa hazihitaji tarumbeta, na hata wasiohudhuria kwa kawaida walikumbuka siku hiyo kwamba wana roho. Wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wao, na Sindano alikuwa benchi la pili karibu na mama yake, amejifunga kitambaa cheupe, hageuki kushoto wala kulia. Takriban alimtazama kisogo ibada nzima. Hakusikia somo hata moja.

Ibada ilipokwisha, Mwalimu alimwita. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kuinama, na sauti yake, iliyozoeleka kutetemesha madirisha, leo ilikuwa ya chini.

"Mwanangu," alisema, "wewe nimekulea. Alfabeti nimekufundisha kwa mkono huu. Hakuna mtu humu anayetaka uingie kwangu kuliko mimi. Nimechoka kukusimamisha mlangoni." Aliegemea meza kwa viganja vyote viwili. "Nakuuliza mbele ya ndugu zako na mbele za Mungu. Unakiri kwamba chaza wa kilimani waliwekwa pale na maji ya Gharika, na si vinginevyo?"

Asije mtu akamsingizia wema asiokuwa nao: Takriban alikuwa anasema ndiyo. Aliivuta pumzi. Aliona jinsi macho ya mzee yalivyokuwa yakimwomba, akafungua kinywa, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Baba, usimuulize."

Sindano alikuwa amesimama. Mama yake alimvuta gauni, yeye akakataa kukaa.

"Binti yangu, subiri zamu yako," Mwalimu alisema.

"Sina zamu. Simtaki." Sauti yake ilikuwa kavu, imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. "Nimebadili nia. Mume wa mawe simtaki, hata akikiri nini. Posa nimeirudisha mimi, si yeye. Usimuulize mtu swali la ndoa ambayo haipo."

Kanisa zima lilivuma. Mtu mmoja nyuma alicheka, akakanyagwa mguu. "Makubwa!" alisema mama mmoja kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona. Sindano alipita mbele ya magoti ya watu, akatoka nje kwa mlango wa pembeni, na hakumtazama Takriban hata mara moja. Naye alibaki pale mbele, kinywa wazi, aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mzee wa kanisa alimpiga begani, akamwambia pole, ndiyo dunia. Hakumsikia. Alitoka kwa mlango ule ule.

Alimkuta nyuma ya jengo, amesimama akiutazama ukuta, kitambaa amekivua amekishika kifuani.

"Kwa nini?" Alikuwa karibu kupiga kelele. "Nilikuwa nasema! Ilikuwa hapa, mdomoni!"

"Niliiona. Ndiyo maana nikasimama."

"Jana umenibembeleza!"

"Jana nilitaka mume." Aligeuka, uso umelowa. "Ukashindwa, ukaniambia nitasema, na nikakuona usoni. Ulikuwa kama mtu aliyetolewa jino. Halafu nikakuuliza kama unanipenda, ukajibu, na nikaamini hapo hapo, bila kufikiri. Nilipofika nyumbani nikawaza: keshokutwa, akishasema ile ndiyo mbele za Mungu, nikimuuliza tena, nitaamini hivyo hivyo? Nikamkumbuka mke wa yule mzee wako."

"Mimi si Daktari."

"Ungekuwa. Na mimi ningekuwa yeye, nakutazama mezani kila siku. Afadhali nikukose ukiwa huyu, kuliko nikupate ukiwa yule."

Takriban aliegemea ukuta. Hasira yote ilimtoka, na palipokuwa na hasira hapakubaki kitu. "Lakini umedanganya," alisema polepole. "Umesimama kanisani ukasema hunitaki."

"Nimedanganya, ndiyo."

"Sindano!"

"Ilibidi mmoja wetu aseme uongo leo, ama wewe ama mimi. Baba alishakikata kitambaa hivyo, hakuna pa kupita." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukamkataa. "Wangu wewe unaujua. Hautakutia shaka hata kidogo. Basi niache niubebe." Akajifuta kwa kitambaa, akakifunga tena kichwani, akakaza fundo. "Mama ananiita. Usinifuate, watu wanaangalia."

Alikwenda. Takriban hakumfuata. Alisimama pale hadi sauti za watu zilipokwisha, moyo umemjaa mapenzi na uchungu kiasi cha kushindwa kutofautisha kipi ni kipi, kisha akaingia kanisani kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Mwalimu alikuwa peke yake, anafunga madirisha. Alipomwona aliacha, akaja, akamwekea mkono begani.

"Pole, mwanangu. Nisamehe. Sikujua kama nimezaa moyo mgumu kiasi hicho." Alihema. "Lakini niambie, nipate kulala. Ungejibu nini?"

"Ningejibu ndiyo, Mwalimu."

Uso wa mzee uling'aa. "Kwa hiyo sasa unaamini!"

"Hapana," Takriban alisema. "Siamini. Ningesema tu, ili unipe binti yako."

Mkono ulibaki begani mwake, lakini ulikuwa umelegea. Mwalimu alimtazama, akautazama ule mlango wa pembeni aliotokea binti yake.

"Na yeye alijua?"

"Alijua. Ndiyo maana akasimama."

Mwalimu alitafuta benchi kwa nyuma, kama kipofu, akaketi. Madirisha mengine aliyaacha wazi.